Siku Roda Aliposugua Ekzosi

Nyumba ya Masila na mkewe Roda iko Kitengela, kando ya barabara ya vumbi inayoelekea kwenye machimbo ya mawe. Malori hupita hapo kutwa. Yakipita, vumbi huingia kila mahali. Huingia kwenye nguo zilizoanikwa, huingia kwenye chai, huingia hata ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli. Roda hupangusa meza asubuhi, huipangusa tena saa sita, na jioni ukipita utamkuta bado ana kitambaa mkononi. Majirani humtania kwamba siku ya mwisho malaika watamkuta akifagia, na itabidi wamsubiri amalize.

Fahari yake kubwa ni sufuria. Ziko saba, zimepangwa jikoni kutoka ndogo hadi kubwa, na zote zinang'aa. Mama yake kule Ukambani alimfundisha kuzisugua kwa waya na jivu. Yeye mwenyewe akaongeza ujuzi wake. Vumbi la mawe hapa ni la bure, kwa hiyo hulichunga kwa kichungi cha chai na kulichanganya na jivu. Na kwa kuwa aliishi Magadi miaka mingi, hutia na kijiko cha magadi. Sufuria ikipita mikononi mwa Roda haibaki na doa.

Zikumbuke sufuria hizo, msomaji, maana ndizo zilizomponza.

Mumewe Masila ana miaka sitini na mitatu. Ni mtu mpole, mwenye maneno machache na kichwa kigumu. Alifanya kazi katika kiwanda cha magadi kule Magadi miaka ishirini na minane. Waliishi katika nyumba ya kampuni, kwenye joto linalomfanya mtu asahau kwamba kuna kitu kinaitwa blanketi. Alipostaafu, walihamia Kitengela, na Masila akanunua gari. Halikuwa jipya. Lilikuwa gari dogo la kijani, na viti vyake vilikuwa vimechakaa. Lakini nyuma lilikuwa na ekzosi mbili, yaani mabomba mawili ya kutolea moshi, na kila bomba lilikuwa na mdomo wa kromu unaong'aa kama kioo.

Masila aliipenda ile midomo miwili kupita gari lenyewe. Kila Jumamosi alikaa kwenye kigoda nyuma ya gari, akaipangusa huku akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Roda alimletea chai pale pale. Walikuwa na furaha, na walijua kwamba wana furaha.

Halafu macho ya Masila yakaanza kuingia ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, tena macho yote mawili. Masila aliendelea kupangusa kwa kupapasa. Jumamosi moja Roda alimwona akipangusa mdomo wa kulia kwa muda mrefu, kisha akahamia wa kushoto, au ndivyo alivyofikiri. Kumbe alikuwa ameurudia ule ule wa kulia. Wa kushoto ulibaki mweusi. Roda alisubiri mumewe aingie ndani, akaenda kuupangusa yeye. Kisha akalia kidogo nyuma ya gari, mahali ambapo hakuna mtu angemwona.

Haukupita muda mrefu Masila akaacha kabisa. Alisema gari si kitu. Alikaa sebuleni na redio yake, na Jumamosi ikawa siku kama siku nyingine.

Upasuaji ungeweza kumsaidia, lakini aliukataa kwa miaka miwili. Mtu fulani alikuwa amemwambia kwamba jicho hutolewa nje, likaoshwa, kisha likarudishwa. Binti yao Nzilani, anayeishi Kajiado mjini, alimweleza mara nyingi kwamba si hivyo. Jicho halitolewi. Daktari hutia dawa ya ganzi, huondoa lenzi iliyoingia ukungu, na kuweka nyingine safi mahali pake. Kazi yenyewe ni ya muda mfupi, na mara nyingi mgonjwa huenda nyumbani siku hiyo hiyo. Masila alisikiliza yote, kisha akaomba redio iongezwe sauti.

Aliyemweza ni Roda. Jioni moja alimwuliza kama hataki kuliona gari lake tena katika maisha haya. Masila akapunguza sauti ya redio.

"Nitafanya jicho moja," alisema. "Nikiona kitu ya maana, nitarudi nifanyiwe ya pili. Nisipoona, mniwache na redio yangu."

"Sawa, Baba Nzilani."

"Na msinisumbue tena."

Roda alimjua mumewe. Akikataa jicho la pili, hatabadilika hadi kaburini. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea lile jicho moja, na kile ambacho jicho hilo lingekiona.

Siku ya Alhamisi Nzilani alikuja kumchukua baba yake, wakaenda hospitali huko Kajiado. Baada ya upasuaji angelala kwa Nzilani. Bandeji ingetolewa Ijumaa asubuhi, kisha angerudishwa nyumbani. Roda hakwenda nao. Alisema kuna kuku wa kuangalia, lakini kuku walikuwa kisingizio tu. Alikuwa na mpango wake. Alitaka mumewe akishuka nyumbani, kitu cha kwanza kukiona kiwe ile midomo ya kromu, iking'aa kama zamani.

Walipoondoka, alikwenda bandani, akazunguka nyuma ya gari la Masila. Midomo ilikuwa na masizi mazito, na juu yake kulikuwa na madoa ya kutu yenye rangi ya chai. Roda hakuogopa. Alijiambia kwamba hii ni sufuria tu, ila imelala ubavu.

Alileta waya, jivu, vumbi la mawe na magadi. Akakunja mikono ya blauzi, akaanza na mdomo wa kulia. Aliusugua kwa nguvu zake zote. Masizi yalitoka haraka na roho yake ikatulia. Akaumwagia maji, akaupangusa, akarudi nyuma hatua mbili kutazama.

Jua lilikuwa limefika pale. Mdomo wote ulikuwa umejaa mikwaruzo myembamba, mingi isiyohesabika, ikienda huku na huku. Haukung'aa hata kidogo. Roda alifikiri hajasugua vya kutosha, basi akasugua tena. Mikwaruzo ikaongezeka, na yale madoa ya kutu yalikuwa bado pale pale.

Sasa Roda aliogopa. Akakumbuka chupa ya dawa ya choo, ile yenye asidi, ambayo huondoa hata madoa sugu. Akaikimbilia, akaja nayo, akafungua kifuniko.

"Mama Nzilani, hiyo si ni ya choo?"

Aliyeuliza alikuwa Nduta, jirani yao ambaye Roda humwita Mama Wahome, akiwa amesimama kwenye fensi. Kazi ya Nduta ni kuosha magari kwenye barabara ya Namanga, na ameifanya kwa miaka kumi na miwili. Yeye ndiye huwasha gari la Masila kila Jumapili ili betri isife. Hulitoa nje ya banda kwanza, kwa sababu moshi wa gari mahali palipofungwa huua mtu bila kelele.

"Ni ya choo," Roda alisema. "Lakini inatoa kila kitu."

"Hapo ndipo kuna shida. Itatoa hata ile kitu unataka ibaki. Hebu funga hiyo chupa, mama. Polepole, isikurukie kwa macho."

Roda akafunga. Nduta akaingia, akachuchumaa nyuma ya gari, akapitisha kidole kwenye mdomo wa kulia. Akatazama waya. Akatazama karai lenye vumbi la mawe. Halafu akatazama uso wa Roda.

"Nimeiharibu?" Roda aliuliza.

"Umeichubua. Lakini kaa chini kwanza."

Roda alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaeleza yote. Alieleza kuhusu jicho moja, kuhusu ile ahadi, na vile alivyotaka Masila aone kitu kizuri. Badala yake ataona uharibifu wa mkewe. Atarudi kwenye redio yake, na jicho la pili litakuwa limekwenda. Nduta alimwacha aseme mpaka mwisho. Kisha akaanza kumweleza, bila haraka.

"Sufuria yako ni alumini juu mpaka chini. Ukisugua, unatoa ya juu, chini unapata alumini ile ile. Hii hapa si hivyo. Hii ni chuma imepakwa kromu, na hiyo kromu ni nyembamba kuliko karatasi. Ukiimaliza, umefika kwa chuma. Na chuma ikikutana na maji, unajua mwenyewe."

"Kutu."

"Kutu. Hapo hakuna polishi inaweza kurudisha. Ni kupeleka kwa fundi apake kromu upya, ama ununue mdomo mwingine. Lakini yako haijafika huko. Ile mikwaruzo midogo itapungua. Ile mikubwa itabaki, mama, sikudanganyi."

Akaenda kwake, akarudi na mfuko mdogo wa vifaa. Alisema yeye ataurekebisha ule wa kulia. Wa kushoto, ambao ulikuwa bado haujaguswa na waya, Roda angeusafisha kwa mikono yake mwenyewe. Roda alikataa. Alisema mikono yake imeshafanya ya kutosha leo. Nduta alicheka, akampa glavu.

Kitu cha kwanza, Nduta alimwonyesha kusogeza kiganja karibu na bomba bila kuligusa, ili ajue kama lina joto. Gari likitoka barabarani, ekzosi huwa na moto wa kuunguza ngozi, na moto huo hukaa muda mrefu hata baada ya injini kuzimwa. Kwa hiyo huoshwa ikiwa baridi kabisa. Pia huoshwa kivulini, kwa sababu jua hukausha sabuni kabla hujaisuuza. Roda akatundika shuka mbele ya banda kuzuia jua. Kuhusu glavu, Nduta alisema masizi si uchafu wa kuzoea. Si mazuri kwa ngozi wala kwa mapafu, na mtu asiyapulize kwa mdomo.

Roda alichukua kitambaa aanze kupangusa. Nduta akamshika mkono.

"Maji kwanza. Hapa kwetu kuna vumbi ya mawe, na hiyo vumbi ni msasa. Ukipangusa kabla hujaimwagia maji, unapiga msasa na hujui."

Wakamimina maji mpaka vumbi lote likaondoka. Ndipo Nduta akatia sabuni kidogo ya kuoshea vyombo kwenye ndoo ya maji. Kitambaa kilikuwa fulana ya zamani ya Masila, ya pamba, laini. Ndani ya mdomo na kwenye kingo walitumia mswaki uliozeeka. Nduta alisisitiza kwamba ndoo na kitambaa cha ekzosi visitumike kuosha mwili wa gari, maana masizi yatakwaruza rangi. Roda aliuliza kama aongeze magadi kidogo tu. Nduta alimwambia sabuni inatosha. Magadi yakikauka juu ya kromu huacha weupe, kwa hiyo ayaweke kwenye githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha.

Ilipofika kusuuza, Nduta alisita. Maji ya kisima cha Kitengela yana chumvi. Yakikauka yenyewe juu ya kitu kinachong'aa, huacha madoa meupe.

"Mimi niko na maji ya mvua kwa tangi," Roda alisema.

Nduta alifurahi. Wakasuuza kwa maji ya mvua, kisha wakakausha mara moja kwa kitambaa kikavu.

Yakabaki yale madoa ya kutu. Hapa Nduta alitoa kitu ambacho Roda hakukitarajia. Ilikuwa foili, ile karatasi ya fedha ya kufungia nyama. Akakata kipande, akakikunja, akakichovya ndani ya maji.

"Sugua na hii, lakini kama unapangusa mtoto uso. Foili ni laini kuliko kromu. Inakula kutu, kromu inabaki."

Roda alisugua polepole, kwa vidole vitatu. Maji yakaanza kugeuka rangi ya udongo. Alipopangusa, doa moja lilikuwa limeondoka, na chini yake kromu ilikuwa nzima. Akatazama mkono wake, mkono uliozoea kutumia nguvu miaka yote, akashangaa kwamba kazi hii haikutaka nguvu.

Mwisho ilikuwa polishi ya kromu. Nduta alisoma maandishi ya kopo kwanza, kwa sababu polishi si zote zinafanana. Akaijaribu upande wa chini, mahali pasipoonekana. Hakuna kilichoharibika. Basi akaweka kiasi cha punje ya haragwe kwenye kitambaa safi, akapaka kwa miduara midogo, kisha akafuta kwa kitambaa kingine kikavu. Roda akafanya hivyo hivyo kwenye ule wa kushoto. Ule wa kulia Nduta aliurudia mara mbili. Polishi nayo hula kromu kidogo, kwa hiyo hakutaka kuurudia mara ya tatu. Kisha wakapaka nta nyembamba ya gari juu ya yote miwili. Nta huzuia masizi yasishike sana, na mara ijayo kupangusa kunakuwa rahisi.

Roda alitoa shuka. Mdomo wa kushoto uling'aa vile ulivyong'aa zamani. Hata wa kulia uling'aa. Ukiutazama kutoka mbele, hukuona kasoro. Lakini jua likiupiga kutoka kando, ilionekana mistari michache iliyobaki.

"Mwambie tu ukweli," Nduta alisema akikusanya vitu vyake. "Ni bwana yako, si askari."

Roda alisema atamwambia. Alisema kwa moyo wote.

Ijumaa saa tisa mchana, Nzilani alimleta baba yake. Masila alishuka garini akiwa na miwani nyeusi, akitembea kama mtu aliyebeba mayai. Nzilani alisoma masharti ya daktari. Asiiname. Asibebe kitu kizito. Asisugue jicho. Vumbi na maji visiingie. Dawa ya matone itiwe kwa saa zake, na mwenye kutia anawe mikono kwanza. Na wasikate tamaa, kwa sababu jicho hutulia siku baada ya siku.

Roda alikuwa tayari ameweka kiti nyuma ya gari, ili mumewe aone bila kuinama. Masila alikaa. Alitazama ile midomo miwili. Roda alisimama kando yake, mikono imeshika leso.

"Inang'aa," Masila alisema. "Ni wewe umeosha?"

"Mimi na Mama Wahome."

Akatikisa kichwa polepole. Jicho lilikuwa linatoa machozi, na uso wake ulionyesha uchovu. "Lakini mwanga nilikuwa naona hata kabla, Roda. Mwanga si kitu mpya."

Akainuka, akaenda sebuleni, akafungua redio. Roda aliumia. Ule ukweli aliokusudia kuusema akauacha kwa siku nyingine.

Siku zilizofuata zilikuwa za taabu kwake. Alitaka jicho la mumewe lipone. Lakini kadiri lilivyopona, ndivyo lilivyokaribia mikwaruzo yake. Jumamosi Masila alimwona jogoo juu ya fensi. Roda akashangilia, lakini Masila akasema jogoo ni mkubwa, nani asingemwona. Jumatatu alisoma namba kwenye kalenda ya ukutani. Roda akashangilia tena. Masila akasema tarehe aliijua hata kabla ya kuisoma. Kila siku Nduta aliuliza kwenye fensi kama amemwambia, na kila siku Roda alijibu kwamba kesho.

Jumatano asubuhi Masila mwenyewe aliomba kiti kipelekwe nyuma ya gari. Jua lilikuwa chini bado, likiingia bandani kutoka kando. Alikaa mgongo umenyooka kama alivyoambiwa. Alivua ile miwani nyeusi, akatazama. Alikaa hivyo muda mrefu. Roda alikuja na chai, akamwona ameukazia macho mdomo wa kulia, akajua kwamba siku imefika.

"Baba Nzilani, kuna kitu nataka kukuambia."

"Ngoja. Hii ya kulia iko na mikwaruzo."

Roda aliweka kikombe chini.

"Ni mimi," alisema. "Nilisugua na waya ya sufuria, na vumbi ya mawe. Nilitaka ukirudi uone kitu mzuri. Nikaharibu. Mama Wahome alisaidia lakini ingine ikabaki. Nisamehe."

Masila alisogeza kiti mbele kidogo. Akanyoosha kidole hewani, akaanza kufuata ile mistari mmoja baada ya mwingine.

"Hii inaenda hivi. Hii imepinda hapa. Hii ni fupi." Sauti yake ilianza kubadilika. "Roda, hii ni nyembamba kama unywele."

"Najua. Nisamehe."

"Hunisikii. Ni nyembamba kama unywele, na mimi naiona."

Akamgeukia mkewe. Machozi yalikuwa yakimtoka, na safari hii hayakuwa ya dawa. Akainua mkono ajifute. Roda akaudaka ule mkono kabla haujafika.

"Usisugue jicho. Daktari amekataza."

Akachukua ncha ya leso safi, akamfuta shavuni, mbali na jicho. Naye alikuwa analia, na hakujificha nyuma ya gari.

"Pigia Nzilani simu," Masila alisema. "Mwambie aulize daktari siku ya jicho ya pili."

Jicho la pili lilifanyiwa upasuaji baada ya miezi miwili. Daktari alimpima, akampa miwani ya kusomea, na baadaye akamruhusu kuendesha gari. Jumamosi zimerudi. Masila huosha mdomo wa kushoto na Roda huosha wa kulia. Husubiri ekzosi ipoe, hufanya kazi kivulini, humimina maji kabla ya kupangusa, na husuuza kwa maji ya mvua. Waya umebaki jikoni na sufuria zake. Polishi huitoa mara chache tu, na majirani wawili wameshakuja kuuliza inapakwa vipi. Roda ndiye huwafundisha, na huanza na kosa lake mwenyewe.

Nduta aliwahi kumwambia Masila kwamba anajua fundi anayeweza kuupaka ule mdomo wa kulia kromu mpya. Masila alimshukuru, akakataa. Bado huenda kwa daktari wa macho kila anapoitwa. Lakini kila Jumamosi, kabla ya kugusa maji, hukaa kwenye kiti na kuhesabu mikwaruzo. Husema iko kumi na tisa. Roda husema ni kumi na saba. Basi Masila husogea pembeni ya kiti, Roda akakaa kando yake, nao huanza kuhesabu upya.